Msitu wa mvua unaozesha kila kitu, sasa wanaakiolojia wanajuaje watu wa kale waliishi humo?

Kiu_ya_Kujua:

Wakuu habari zenu. Nimeanza kusoma akiolojia mwaka huu na kuna jambo linanisumbua hadi usingizi unakata, nikaona nilete hapa maana najua humu kuna watu wameshika mwiko na chekecheke miaka mingi.

Ishu ni hii. Mwaka 2025 ilitoka habari kwamba kule Anyama, Côte d'Ivoire, watu walikuwa wanaishi kwenye msitu wa mvua miaka 150,000 iliyopita. Mi nilivyoelewa msitu wa joto ni sehemu mbaya kuliko zote kwa kutunza vitu, mvua kila siku, udongo una asidi, mchwa, mizizi inapasua kila kitu, mfupa ukilala pale muda sio mrefu umeisha. Sasa kama mifupa imeoza, mbao zimeoza, chakula ndo usiseme, wanajuaje mtu aliishi humo? Na hata tukikubali mtu alikuwepo kwa sababu mawe yake yapo, wanajuaje siku hizo palikuwa msitu? Si inawezekana palikuwa nyika tupu, msitu ukaja baadaye ukaota juu ya mawe yake?

Alafu lingine dogo. Mwezi ujao tunaenda kuchimba kwa mara ya kwanza na tumeambiwa TUSIOSHE mawe tutakayoyapata, wala tusiyafute na kitambaa. Sikuuliza kwa nini, niliona aibu mbele ya wenzangu. Naombeni msaada, na lugha iwe nyepesi tafadhali.

---

Mchekechaji:

Karibu sana mdogo wangu, na usione aibu kuuliza, hilo swali lako la pili (palikuwa msitu au nyika) ndo swali lenyewe ambalo watu wamelivunjia vichwa miaka 30 na zaidi. La mawe nitalirudia mwisho, au mwenzangu atalijibu.

Anza na jino. Mfupa ni kama sponji, una matundu, maji yanaingia na kutoka, ile protini ya ndani inaisha haraka kwenye joto. Ila enameli, ile ganda nyeupe ngumu ya nje ya jino, ni karibu madini matupu, imebanana, kwahiyo unaweza kukuta pango lina mifupa imekuwa kama biskuti iliyolowa na meno yapo pale pale yanang'aa. Mimi mwenyewe nimeshika mfupa wa mguu ukavunjikia mkononi kama keki, alafu kwenye chekecheke hiyo hiyo dakika mbili baadaye likatokea gego la mnyama zima kabisa, ukilipitisha ukucha linakwaruza.

Sasa jino lina nini? Lina kaboni, na hiyo kaboni imetokana na chakula mtu alichokula wakati jino linajengwa. Kaboni thabiti ziko mbili, nyepesi na nzito kidogo, na mimea haizichukui kwa uwiano mmoja. Nyasi nyingi za nyika ya joto zina njia yake ya kutengeneza chakula, zinabaki na ile nzito nyingi kidogo. Miti na mimea mingi ya msituni inabaki na kidogo. Na chini kabisa ya msitu uliofunga, pale jua halifiki vizuri na hewa imetulia, majani yanayooza yanatoa gesi, mimea ya chini inaivuta tena gesi hiyo hiyo, basi kiwango kinashuka zaidi kuliko mimea mingine yote. Mnyama akila hiyo mimea anabeba alama hiyo, na binadamu akimla mnyama au akila hiyo mimea moja kwa moja anaibeba pia. Kwahiyo unachukua unga kidogo wa enameli, miligramu chache tu unazikwangua na kichimbio kidogo kama cha daktari wa meno, unapima.

Uzuri wake ni nini, jibu haliko kwenye tope la ziwa lililoko kilomita mia kutoka pale wala haliko kwenye tabaka la juu au la chini. Liko ndani ya mwili wa mtu mwenyewe. Hiyo ndo tofauti kubwa nataka uibebe: kuna ushahidi wa kwamba msitu ulikuwepo JIRANI na watu, na kuna ushahidi wa kwamba watu waliula huo msitu. Hivi viwili watu wanavichanganya kila siku.

Sri Lanka walifanya hivyo, matokeo yakatoka 2015. Walichukua meno ya watu kutoka mapango na maeneo mengine kadhaa, ya zamani kabisa karibu miaka 20,000, wakayapima pamoja na meno ya wanyama wa matabaka hayo hayo. Hao wanyama ndo mizani yako, maana huwezi kusema namba hii ni ya msitu kama hujajua mnyama wa msituni wa pale pale alikuwa na namba gani. Ikatoka kwamba wale watu walikuwa wanategemea msitu kwelikweli, sio kupita tu, na waliendelea hivyo maelfu ya miaka hata pale ambapo sehemu za wazi zilikuwepo na wangeweza kuhamia.

---

Kiu_ya_Kujua:

Aisee asante sana mkuu, hii ya jino nimeisoma mara tatu. Sasa nauliza, kwa nini iwe ni swali kubwa hivyo? Si msitu umejaa matunda na wanyama, kwa nini mtu afikirie watu hawakuweza kuishi humo?

---

Dada_Mwiko:

Hapo ndo patamu, ngoja niingie.

Ukiingia msituni kwa macho ya mgeni unaona kijani kila mahali unasema hapa chakula kibao. Sasa jaribu kukipata. Matunda yako juu, mita 30 kwenda juu huko, na yanaiva kwa msimu, leo mti huu mwezi ujao ule wa mbali. Wanyama wengi nao wako juu, ni wadogo na hawana mafuta, na nyama bila mafuta haimkalishi mtu muda mrefu. Wanga ndo tatizo kubwa, mbegu na mizizi mingi ina sumu kwa sababu mmea nao unajilinda usiliwe. Ndo maana mwishoni mwa miaka ya 1980 wanaanthropolojia akina Thomas Headland na Robert Bailey wakauliza wazi, je kuna watu waliowahi kuishi ndani ya msitu wa mvua kwa kuwinda na kuokota tu bila kubadilishana chakula na wakulima? Wao waliona ushahidi haupo. Na kwa kweli walikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu wawindaji wengi wa msituni wanaojulikana leo wana uhusiano na wakulima, na akiolojia ya msituni ilikuwa haijachimbwa vya kutosha. Swali zuri linaweza kuwa na jibu tofauti na alilotegemea muulizaji, na bado likabaki swali zuri. Bila hilo swali nadhani hizi pesa za kuchimba mapango ya msituni zisingetoka.

Sasa angalia pango la Niah kule Sarawak, kisiwa cha Borneo. Akina Tom na Barbara Harrisson walichimba pale miaka ya 1950, 1958 wakapata fuvu maarufu, alafu miaka ya 2000 timu ya Graeme Barker ikarudi na mbinu mpya. Wakakuta kwenye matabaka ya zaidi ya miaka 40,000 mabaki ya viazi vikuu pori ambavyo vina sumu, na vipande vya kokwa za mti mmoja unaitwa kitaalamu Pangium edule, kokwa zake zina sianidi, ukizila hivi hivi unakufa. Hadi leo watu wa maeneo yale wanazila, lakini wanazichemsha na kuzifukia kwenye majivu wiki kadhaa ndo sumu inatoka. Na pale pangoni yakaonekana mashimo yenye majivu. Hebu fikiria mtu wa kwanza aliyegundua kwamba kitu kilichomuua mwenzake, ukikifukia kwenye majivu ukasubiri, kinakuwa chakula. Hiyo sio bahati, hiyo ni elimu, na ilipitishwa kutoka mzazi hadi mtoto kwa maneno na mikono, maana ukikosea hatua moja hakuna nafasi ya kurudia.

Mimi nikiambiwa "kuzoea mazingira" naona hilo shimo la majivu kabla sijaona kitu kingine chochote.

Na huko Sri Lanka alipotaja Mchekechaji, pango la Fa Hien, karibu miaka 45,000 huko watu walikuwa wanakula sana tumbili, kima na kuchakuro wakubwa. Wanyama wa juu ya miti, wepesi, wajanja. Na sio wazee na watoto tu waliookotwa wakiwa wamechoka, wengi ni wakubwa wenye nguvu zao, kwahiyo waliwindwa kwa makusudi. Pamoja nao wakakuta vigumba vidogo vya mfupa, na ukiviangalia kwa hadubini alama za kuvunjika kwenye ncha zinafanana na za mshale uliorushwa kwa nguvu. Upinde umeoza, mti wa mshale umeoza, kamba imeoza, kigumba kimebaki na kinasema vyote vile vilikuwepo.

---

Nondo_Kavu:

Naheshimu maelezo yenu yote ila naomba tumwambie kijana na upande wa pili asije akaenda shimoni anaamini kila kitu.

Moja. Hiyo Anyama aliyoanza nayo haina meno ya binadamu. Kilichopo ni zana za mawe na udongo. Kwahiyo ile hoja ya Mchekechaji ya jino pale haifanyi kazi, tunarudi kwenye "watu walikuwepo na msitu ulikuwepo".

Mbili. Vitu vya kuonekana kwa hadubini vinasafiri. Chavua, ule unga wa maua, inapeperushwa na upepo mbali sana, ndo kazi yake. Chembe za wanga zinaweza kutoka kwenye unga wa glavu au kwenye mkate wa mchimbaji aliyekula bila kunawa. Mchwa na minyoo wanapandisha na kushusha udongo, jiwe la miaka 100,000 linaweza kukutwa na kitu cha miaka 5,000.

Tatu. Mkaa. Tope la ziwa likiwa na mkaa mwingi watu wanakimbilia kusema binadamu alichoma msitu. Mfano ziwa Malawi, 2021 ilitoka kazi inayosema karibu miaka 85,000 iliyopita watu wa kaskazini mwa ziwa walibadilisha uoto kwa moto. Inawezekana kabisa, na walijitahidi kuunganisha tope la ziwani na zana za mawe zilizoko kando ya ziwa, hilo nawapa. Lakini radi nayo inachoma, ukame nao unachoma. Mi nataka kuona tarehe za vyote viwili zinakaa pamoja bila kusukumwa.

---

Mchekechaji:

Nondo uko sahihi na nafurahi umelisema, ila kwa Anyama naomba nikujibu maana pale walifanya kitu ambacho ndo kinafaa afundishwe kijana.

Hawakuchukua mazingira kutoka ziwa la mbali. Walichukua udongo wa shimo lile lile, tabaka lile lile lenye zana, wakatafuta ndani yake vitu vitatu tofauti. Chavua, ambayo kama ulivyosema inaruka mbali. Fitolithi, hizi ni vijiwe vidogo sana ambavyo mmea unavijenga ndani ya seli zake kwa silika (madini yale ya mchanga na kioo) unayoivuta na maji, jani likioza kijiwe kinabaki pale pale lilipoangukia, na makundi mengi yana umbo lake, cha mchikichi ni kama mpira wenye miiba, cha mgomba kama mlima wa volkano wenye shimo juu, cha nyasi nyingi kama kile chuma cha kunyanyulia uzito. Na tatu nta ya majani, ule utando unaofanya tone la mvua liteleze, molekuli zake zinadumu udongoni muda mrefu ajabu na zina ile ile kaboni niliyoisema ya jino. Chavua peke yake ningekuwa na wasiwasi kama wewe. Lakini hivi vitatu vinafika kwenye udongo kwa njia tatu tofauti, na vyote vikasema msitu mnene wenye mvua, nyasi kidogo sana. Ni vigumu upepo, mchwa na minyoo wote wakubaliane kudanganya kitu kimoja.

Kuhusu walichokula nakubali, pale hatujui, na sijaona waliochimba wakidai wanajua.

Na tarehe zake kijana sikiliza maana utakutana nayo. Radiokaboni, yaani kupima umri kwa kaboni yenye mionzi inayopungua polepole kwenye kitu kilichokuwa hai, inaishia kama miaka 50,000 hivi, zaidi ya hapo kilichobaki ni kidogo mno. Kwahiyo Anyama walipima punje za mchanga wa kwatsi. Punje ikifukiwa inaanza kujikusanyia nishati kutoka kwenye mionzi midogo ya udongo unaoizunguka, na ikiona jua tu inafutika inaanza sifuri. Kwahiyo ukiipima bila kuionyesha mwanga, unajua iliona jua mara ya mwisho lini. Ndo maana utaona watu wanagongelea bomba la chuma kwenye ukuta wa shimo, wanaziba ncha zote mbili haraka, wanafunika na plastiki nyeusi, na litafunguliwa kwenye chumba chenye taa hafifu nyekundu. Siku ya kwanza nilipoliona bomba linagongwa nilisogea na tochi nione vizuri, nikasukumwa nyuma kabla sijaelewa kosa langu. Usisogee na tochi.

La mwisho linalouma, lile eneo la Anyama lilichimbwa na timu ya Côte d'Ivoire na Wasovieti miaka ya 1980, wanaakiolojia waliporudi 2020 wakafanikiwa kulipata lile shimo la zamani na kuchukua sampuli, na baada ya hapo machimbo yakalila eneo lote. Halipo tena. Tunajadili miaka 150,000 kwa sababu mtu aliwahi.

---

Mgombani:

Naongeza kidogo upande wa kilimo maana hizo fitolithi za mgomba zimenigusa. Kinamasi cha Kuk, Papua New Guinea, Jack Golson alianza pale miaka ya 1970, baadaye Tim Denham na wenzake wakaonyesha watu walikuwa wanatengeneza vilima vya udongo kwenye kinamasi ili kupanda, karibu miaka 7,000 iliyopita, na migomba na magimbi vipo. Mgomba ukifa hauachi mbegu wala kuni, unalala chini unaoza wiki chache umekwisha, bila vile vijiwe tusingejua lolote. UNESCO waliliweka kwenye urithi wa dunia 2008.

Na Amazon msiisahau, kuna laida siku hizi, ndege inapita juu inatupa miale mamilioni, michache inapenya kwenye nafasi za majani inagusa ardhi na kurudi, ukiondoa zile zilizogonga majani inabaki sura ya ardhi tupu. Bolivia 2022 yakaonekana makazi ya utamaduni wa Casarabe yenye vilima na barabara za kuinuliwa, Ecuador bonde la Upano 2024 vivyo hivyo. Ila laida haikupi tarehe wala haikwambii walikula nini, lazima mtu ashuke na mwiko.

---

Kiu_ya_Kujua:

Wakuu sina cha kuwalipa. Sasa swali moja limebaki, wale wanaoishi msituni leo, tunaweza kuwaangalia wao tukajua watu wa kale walifanyaje?

---

Dada_Mwiko:

Kwa uangalifu mkubwa mdogo wangu. Wabaka na Wambuti, wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati, ni watu wa leo, wana historia yao ndefu kama sisi, sio picha ya zamani iliyogandishwa, na wamesemwa hivyo vibaya kwa miaka mingi. Wao wanachotupa ni kutufungua macho. Kwa mfano Wabaka wakichimba kiazi kikuu pori wanaacha kichwa chake udongoni na kukifukia kiote tena. Je hicho ni kilimo au ni kuokota? Mtu aliyekaa maktaba asingefikiria hata kuuliza. Ukishajua kitu kama hicho kinawezekana, unakwenda kutafuta dalili yake kwenye udongo, na usipoikuta unasema hujaikuta.

Sasa hilo la mawe naona limesahaulika. Jiwe lililotumika kukata kiazi linabaki na chembe za wanga kwenye vijinyufa vyake, na pale kwenye makali ndo nyingi zaidi. Chembe hizo kwa mimea mingi zina umbo linaloutambulisha mmea, na hata zikipikwa zinabadilika umbo kwa namna inayojulikana. Ugaga wa kwenye meno ya kale nao ni hivyo hivyo, umegandia chakula ndani yake, kwahiyo usiukwangue hata kama jino linaonekana chafu. Ukiliosha jiwe umemwaga chakula cha mtu wa kale. Ukilifuta na kitambaa umemwaga nusu na nusu umeweka nyuzi za pamba. Kwahiyo ukilipata lichukue na glavu zisizo na unga, ndo ile hofu ya Nondo, liweke kwenye mfuko wake peke yake pamoja na udongo uliolizunguka, na chukua na udongo mwingine kidogo wa tabaka hilo hilo mita moja pembeni uweke mfuko tofauti. Huo wa pembeni watu wengi wanausahau. Kama wanga uliopo kwenye jiwe upo vile vile kwenye udongo wa pembeni, basi haukutoka kwenye kazi ya jiwe, umetoka tu kwenye udongo.

---

Nondo_Kavu:

Huo mfuko wa pembeni uandike namba kabla hujaufunga. Kwa kalamu ya risasi, kwenye karatasi, uitie ndani. Wino unafutika na unyevu.

---

Kiu_ya_Kujua:

Nimeandika yote. Kalamu za risasi nanunua kesho, nitawagawia na wenzangu wa kundi maana najua hakuna aliyewaambia.